Kipande cha Vuai

Usingizi unamshika Mize mchana kweupe, jua likiwa utosini, mgongo kauegemeza ukutani na miguu kainyoosha kwenye upenyo ambao mumewe hayupo kuuziba. Hakukusudia kulala. Tangu alfajiri yuko shambani anaokota muhogo uliofukuliwa na nguruwe, mwingine umetafunwa nusu, mwingine umekanyagwa tu kwa ufisadi, na anapokaa kivulini avute pumzi macho yanafumba yenyewe. Kabla hajafika mbali tuuseme ukuta, maana bila ukuta hakuna kisa. Hauna saruji, hauna chokaa, hauna hata udongo. Ni mawe matupu ya ardhi yetu hii ya mawe, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa akili ya aliyeliweka, na umelizunguka shamba la mji mzima ili nguruwe wa msituni wasiingie. Ukiutazama kwa mbali utasema ni ukuta mmoja. Si mmoja. Kila nyumba ina kipande chake, baba kamrithisha mwana, hapa kipande cha Bi Tatu, pale kipande cha Makame, na huu wenye upenyo ni kipande cha Vuai. Alikuja mwenye kofia ngumu akasema shamba hili ni la bwana mkubwa aliye ng'ambo. Babu zetu hawakumjibu, waliongeza mawe. Akaja mwenye suti ya mikono mifupi akasema shamba ni la wote, mtama akaula peke yake. Baba zetu wakaongeza mawe. Tunakumbuka. Na kipande cha mtu hakiguswi na mwingine, jiwe likianguka mwenyewe ndiye analirudisha, isipokuwa amekufa. Mtu akifa, mkewe au mwanawe ndiye anayeweka jiwe moja kwenye kipande chake mbele ya watu, na jiwe hilo ndilo linalofungua kilio. Likishawekwa, kina mama wanalia, mjane anakaa eda, khitma inasomwa. Lisipowekwa, mtu yu hai, hata kama hakuna anayejua yuko wapi.

Vuai hakuwekewa jiwe. Wapo wanaotaka tuseme alipotea, kama mbuzi. Vuai hakupotea, alichukuliwa. Alisimama kwenye mkutano akamwambia bwana aliyelitaka shamba ajenge hoteli, na waliomleta, kwamba shamba haliuzwi, halikodishwi, wala halijadiliwi. Na Ijumaa iliyofuata, watu wakitoka msikitini, ikaja gari isiyo na namba, akapakiwa, kiatu chake kimoja kikabaki njiani. Mize alikwenda vituo vyote. Kila alikokwenda aliambiwa maneno yale yale: hayupo, hatumjui, jaribu kule. Tangu hapo mvua zimekuja zimekwenda, kipande cha Vuai kikaanza kumomonyoka, likaanguka jiwe, likavuta jingine, mpaka pakawa na upenyo wa nguruwe kupita na wanawe. Kunde zikaliwa, viazi vikaliwa, na mji mzima ukalala na njaa, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuokota jiwe. Ndivyo tulivyo. Tulikuwa radhi tuliwe na nguruwe kuliko kumzika Vuai naye yu hai.

Na leo hii asubuhi, muhogo ungali mkononi mwa Mize, alimjia shemeji yake Makame, mdogo wa Vuai, akasimama mbali kidogo kama mtu aliyetumwa kudai. Shemeji, wapimaji wanakuja kesho. Nimesikia. Sheha kasema palipo na ukuta mzima ni shamba, lina wenyewe, na palipo na ukuta uliobomoka ni pori, na pori atapewa amtakaye mkubwa. Nalo nimelisikia. Basi weka jiwe, shemeji, tupate ruhusa ya kuziba. Mize akacheka kicheko kibaya. Niweke jiwe nimuue mume wangu? Hakuna aliyesema umuue. Basi weka wewe, si ndugu yako, mmetoka tumbo moja? Makame akatazama vidole vyake vya miguu. Mbele yako siwezi, akasema, wewe ndiye mwenyewe. Alaa, akasema Mize, kumbe! Wamchukue wao, halafu mimi ndiye niwamalizie kazi, kwa mkono wangu, na jiwe la shamba langu? Makame aligeuka akaondoka, na Mize akamuona mgongoni akijifuta uso kwa kofia yake.

Hayo ndiyo anayolala nayo. Na kwa kuwa miguu imo kwenye upenyo, miguu ndiyo inayotangulia. Inavuka, naye anaifuata, anainuka hajijui kama kainuka, anapita palipokuwa na mume wake. Ng'ambo ya ukuta anatarajia msitu na njia ya kuni, lakini hakuna msitu. Ipo barabara, na kulia kwake ukuta na kushoto kwake ukuta, mawe makavu yale yale, na barabara inakwenda, akienda inakwenda, akisimama inamsubiri, akigeuka arudi anakuta nayo imegeuka, mbele kumekuwa nyuma. Hakuna ndege. Hakuna kivuli, na jua lipo. Anaita, Vuai, na jina linagonga ukuta wa kulia linadundia ukuta wa kushoto linakwenda mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani, analisikia likiishia mbali. Analifuata. Anatembea mpaka anasahau kama anatembea, na mbele yake yupo mtu kachutama, anapima barabara kwa utepe, na utepe unatoka ndani ya mkono wa kanzu yake hauishi. Mtu huyo akiinua kichwa, hana uso. Pale palipopaswa kuwa na macho na pua pamelainika kama jiwe lililolambwa na maji miaka. Mize haogopi. Watu wasio na uso ameshaonana nao vituoni, wamekaa nyuma ya meza.

Asalaam aleikum, anasema Mize, namtafuta mume wangu. Mpimaji anaendelea kuvuta utepe. Kitendawili, anasema. Sikuja kucheza. Hapa hapapitwi bila mchezo, mama, kitendawili. Tega, anasema Mize, maana ulimi umezoea. Nyumba yangu haina paa, haina chumba, haina chokaa, na mwenyewe yumo, kasimama, hajakaa hata siku moja. Ukuta, anasema Mize papo hapo, kwani hili nalo ni la kumuuliza mtu mzima? Mpimaji anatikisika mabega, anacheka pasipo mdomo. Ukuta ndiyo nyumba, nimekuuliza mwenyewe ni nani. Umekosa. Nipe mji. Na Mize anafungua mdomo aseme chukua mji fulani, kama wasemavyo watoto wote wa kisiwa jioni wakishindwa kitendawili, wakigawa miji wasiyoijua, na mji wa kwanza uliomjia ulimini ni wake. Anaufunga mdomo kwa mkono. Kwa sababu sasa anaona. Anakumbuka mkutano, wazee wamepangwa kwenye viti vya plastiki, bwana kutoka mjini anawauliza: mna hati? mna ramani? mnaweza kueleza matumizi bora ya ardhi ni nini? Na wazee wanatazamana, na bwana anatabasamu, mmekosa, nipeni mji. Ndivyo walivyotaka kutuchukulia, kwa maswali ambayo jibu lake wamelificha mfukoni. Aliyekataa kucheza alikuwa mmoja.

Sikupi, anasema Mize. Mchezo una sheria zake, anasema mpimaji. Una sheria, lakini sijashindwa, nafikiri. Tangu lini mtu akanyimwa kufikiri? Mpimaji anakunja utepe, taratibu, kana kwamba anakunja barabara. Basi fikiri, mama, ila ukitoka huku bila jibu mji ni wangu, na kesho ni karibu. Nimuulize nani? Muulize mwenyewe. Yuko wapi huyo mwenyewe? Yuko ulikomwacha, anasema mpimaji, na anapoinama tena kupima, Mize anaona anapima nyayo zake yeye.

Barabara inampeleka kwenye mji wa vioo. Kuta zilizokuwa mawe zimekuwa vioo, zinang'aa, zimepanda mpaka juu, na ndani ya vioo wapo watu wamelala juu ya viti virefu, wamejipaka mafuta, nao hawana nyuso, wanaota jua lisilo na kivuli. Mbele yao pana maji ya buluu yamekaa ndani ya shimo la mawe, na Mize akiyatazama mawe anayatambua. Lile la Bi Tatu, lenye tundu kama sikio. Lile la watoto wa Mcha, jeupe. Mawe ya ukuta wetu, yamepakwa saruji yasipumue. Anamuuliza aliye karibu, bwana, hapa palikuwa na shamba, lilikwenda wapi? Hapa hapakuwa na kitu, anasema yule bila kuamka, hapa palikuwa pori, tumeambiwa. Palikuwa na kunde. Pori. Palikuwa na kaburi la bibi yangu, mpuuzi we! Pori zuri sana, anasema yule, anageukia upande wa pili.

Mize anataka kuupiga teke mji wote, na anapogeukia kioo akipige anamuona mwanamke ndani yake. Ni yeye. Kakaa pembeni, juu ya mkeka, kajifunika shuka la eda mpaka kwenye paji la uso, mikono imetulia mapajani. Toka humo, anasema Mize. Mwanamke wa kwenye kioo anamtazama bila hasira. Nitoke niende wapi? Vua hilo shuka, mimi sina msiba. Najua, anasema mwanamke wa kwenye kioo. Wewe huna msiba. Na mume huna. Mimi angalau kimoja ninacho. Mize anainua mkono ampige, na yule wa kwenye kioo anainua wake, na viganja vinakutana kwenye kioo, baridi kwa baridi, na anaona viganja vya mwenziwe havina sugu, vimepumzika, vimeshikwa na watu, vimepewa pole. Vyake havikupewa pole na mtu tangu ile Ijumaa. Utampa pole vipi mwanamke ambaye mumewe hajafa? Watu walikuwa wanampitia njiani wanamuuliza habari za mvua. Nionyeshe njia, anasema Mize, sauti imeshuka. Ipo nyuma yangu, anasema mwanamke wa kioo, anasogea kidogo kwenye mkeka wake, na nyuma yake hapana kioo, pana shamba.

Ni shamba lenyewe. Muhogo uliofukuliwa, kunde zilizokanyagwa, na kule mwisho ukuta, na kwenye ukuta upenyo. Njia yote ile imezunguka imemrudisha pale pale. Lakini upenyo si mtupu. Amesimama mtu katikati yake, kampa mgongo, mikono kaitandaza kushoto na kulia mpaka vidole vinagusa mawe, na mbele yake huko nje nguruwe wamejaa kama giza, wanakoroma, wanasukuma, na nyuma ya nguruwe taa za magari, mchana huu, zimewashwa. Mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Mara moja moja anaondoa mkono wa kulia, anaokota jiwe, analigonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, ko-ko, analiweka sikioni, analisikiliza, halikumridhisha, analiacha lianguke. Mize anamjua kwa kugonga huko. Alikuwa akigonga kila jiwe kabla ya kuliweka, watu wakimcheka, Vuai anabisha hodi kwa mawe, na yeye akiwajibu, mimi najua nani yumo, nyie hamjui.

Vuai, anasema. Mtu hageuki. Mize, mbona umechelewa namna hii, yakhe. Geuka nikuone. Nikigeuka wanapita. Umekonda. Unaona mgongo tu, utajuaje? Mgongo wako naujua kuliko uso wako, anasema Mize, ndio uliokuwa ukinigeuzia kila tukigombana. Anamsikia akicheka, kicheko kile kile cha puani. Muhogo umeuunguza leo? Muhogo ningeuunguza ningekuwa nao, umeliwa na wenzako hao. Hawa si wenzangu. Najua. Mize anataka kumshika bega, na mkono unasita hewani, kwa kuhofia kwamba hapatakuwa na bega. Tangu lini uko hapa? Tangu siku ile. Muda wote huo? Nani mwingine akae hapa, Mize? Mliniachia pangu. Hamkuweka hata jiwe. Tulikuheshimu, anasema Mize, tulikungoja. Mmenisimamisha, anasema Vuai, na hasemi kwa ubaya, anasema kama mtu anayeeleza anapoumwa. Tulizoea kusema ukuta ni watu waliosimama bega kwa bega. Sikujua kama ni kweli hivi.

Walikupeleka wapi? Hata mimi nimeuliza. Hata wewe? Nimeuliza kila niliyemuona. Wananiambia hayupo, hatumjui, jaribu kule. Na hapo ndipo moyo wa Mize unapokatika, si kule vituoni, si kwenye kioo, ni hapa, kusikia kwamba huko aliko naye alijitafuta akapewa jibu lile lile. Anakaa chini kwenye kunde. Vuai, niambie neno moja tu. U hai? Weka jiwe nikae, nitakwambia. Niambie kwanza. Nikikwambia kwanza hutaweka. Nikiweka watalia. Waache walie, Mize, wamebana sana. Nimechoka kusimama.

Hajawahi kujenga ukuta maishani mwake, ukuta ulikuwa kazi ya Vuai kama chungu kilivyokuwa chake. Lakini Vuai anamwelekeza akiwa amempa mgongo, na mikono yake inasikia. Kubwa chini. Ligeuze. Uso wa jiwe ndani, kwa walaji, kisogo nje, kwa wezi. Shindilia na vidogo. Ligonge. Ko-ko. Limesemaje? Limesema limo. Basi liache. Jiwe la kwanza anapoliweka nyuma ya visigino vya mumewe, anaona magoti yake yanalegea kidogo. Anaweka la pili, anaweka jingine, analia na anaweka, na kadiri ukuta unavyopanda Vuai anashuka, mikono inarudi mwilini, mgongo unakutana na mawe, anauegemea, anateleza nao polepole kama mtu aliyetoka safari, mpaka Mize anasikia ng'ambo ile mlio ambao hakuusikia tangu ile Ijumaa, mlio wa mume wake akikaa chini, ahh, na kifundo cha goti kikialika.

Limebaki tundu la jiwe moja. Nyuma ya Mize pana mtu anapumua bila pua, anakunjua utepe. Umefikiri, mama? Nimefikiri, anasema Mize bila kugeuka. Mwenye nyumba ni Vuai, alikuwa kasimama na sasa kakaa, na nyumba umeikuta imefungwa. Mji sikupi. Utepe unaanguka chini kama nyoka aliyekatwa, na pumzi inaondoka. Mize anainua jiwe la mwisho, analigonga, linasema limo. Na wakati huo Vuai, ambaye sasa hana haja ya kuzuia mtu, anageuka. Mize anauona kwenye tundu uso wake wote, ndevu ambazo hazikuchanwa, alama ya ndui chini ya jicho, midomo, na midomo inafunguka imwambie, maana aliahidi, na neno liko mlangoni, lakini mkono wa Mize ulishatangulia, jiwe limeshateleza mahali pake, limekaa, limebana, halitoki.

Shemeji. Anaisikia sauti ya Makame, anafumbua macho. Yuko kivulini, mgongo ukutani, jua limelala upande wa alasiri. Miguu haimo tena kwenye upenyo. Upenyo haupo. Ukuta umekwenda moja kwa moja, mzima, kipande cha Vuai kimejaa mpaka juu, uso wa mawe ndani, vijiwe vimeshindiliwa, na Mize anapojisogeza mbali autazame, mji umekuja, umesimama kati yake na ukuta, umeukabili. Kazi ya nani hii, anasema mtu. Tazama mawe yalivyokaa, hii ni kazi ya Vuai hii! Bi Tatu, mwenye kipande jirani, anapitisha kiganja kwenye mawe. Vuai karudi, anasema, anaogopa neno lake mwenyewe, wallahi Vuai karudi. Na watu wanaanza kuvuta pumzi ya kuliitikia, na Makame, hajaondoa macho ukutani, anauliza kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Shemeji. Nani kaziba?

Mize anatazama mikono yake. Kucha zimevunjika, lakini zilivunjika asubuhi kwenye muhogo. Vumbi la mawe limo viganjani, lakini mtu alale chini ya ukuta akose vumbi? Anaweza kusema sijui. Akisema sijui, Vuai karudi, yu hai, yuko msituni anajificha, kesho atabisha hodi; wapimaji watakuja wakute ukuta mzima, na shamba litabaki, na hakuna atakayelia. Na kila jioni mji utamngoja, na huko aliko atainuka tena. Mize anakumbuka ule mlio wa kukaa.

Mimi, anasema.

Bi Tatu anaanza, juu, kilio kile cha kufungua, na kina mama wanakipokea, kilio kilichobanwa mvua zote hizo kinatoka shambani kinapanda juu ya ukuta kinakwenda. Mtu anamfunika kanga kichwani kwa nyuma. Mtu anamshika kiganja, anasema pole, pole Mize, pole sana mwenzangu, na pole inaingia mwilini kama maji ya moto. Wanamwinua, wanatangulia naye nyumbani, kuna mkeka umeshatandikwa. Na nyuma yake, ndani ya mawe, anasikia. Ko-ko.

Anasimama. Wengine hawasimami, wanakwenda, na ndipo anapotambua kwamba tangu alipofumbua macho hajauona uso wa mtu hata mmoja. Makame aliuliza akitazama ukuta. Bi Tatu alilia akitazama ukuta. Aliyempa pole alikuwa nyuma yake, na sasa wote wamemtangulia, anaona visogo tu, visogo na kanga na kofia, vikishuka njia iliyobanwa na ukuta kulia na ukuta kushoto, na kama yuko macho, basi yuko macho, na kama bado kalala, basi mahali fulani miguu yake imo kwenye upenyo ulio wazi, nguruwe wananusa nyayo zake, na mtu aliyechoka amesimama anamsubiri aje.

Ko-ko, linasema jiwe.

Kaa, Vuai, anasema Mize, hageuki. Kaa tu, mume wangu.